Siku 30 za KRA na viazi vya Endarasha: wewe ni wakala, mbia au mnunuzi?

Biashara ya viazi kati ya Endarasha na Mombasa haina siri kubwa. Viazi vinachimbwa Kieni Magharibi, kule Nyeri kwenye baridi kati ya Mlima Kenya na safu za Aberdare, vinapakiwa kwenye lori jioni, na baada ya safari ya zaidi ya kilomita 600 vinashushwa Kongowea na kugawiwa wenye vibanda vya viazi karai, bhajia na chipsi. Njiani mzigo hubadilisha mikono mara tatu au nne, na pesa zake hupita kwenye simu za watu wanne au watano. Karatasi iliyoandikwa na kutiwa saini huenda isiwepo hata moja. Hakuna anayeona tatizo hapo mpaka KRA iandike barua.

Wengi wetu huku Pwani jina la Endarasha tulilisikia kwa huzuni mwezi wa Septemba 2024, moto ulipochoma bweni la Hillside Endarasha Academy na kuchukua roho za watoto 21. Mwenyezi Mungu awape wazazi wao subira. Lakini wachuuzi wetu wa viazi walilijua jina hilo miaka mingi kabla ya hapo, kwa magunia na kwa nambari za simu za madalali.

Mimi si wakili. Nina stashahada ya uhasibu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasomea watu barua za kodi wasizozielewa. Maswali ninayoulizwa ni mawili tu, yakirudi kwa sura tofauti. La kwanza: nimechelewa kujibu, je, mambo yangu yamekwisha? La pili: zile pesa hazikuwa zangu, nilikuwa nampokelea mtu, mbona natozwa mimi? Watu huyachukua kama maswali mawili yasiyohusiana. Ukisoma sheria na hukumu utaona kwamba anayeshindwa kwenye la pili, mara nyingi alishashindwa kwenye barua yake ya kwanza, ile aliyoiandika mbiombio siku ya 29 au hakuiandika kabisa.

Siku zinavyohesabiwa

Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inampa mlipa kodi siku 30, tangu ajulishwe makadirio, kupeleka pingamizi kwa Kamishna wa KRA. Pingamizi lazima liseme wazi unachopinga, unataka nini kirekebishwe na kwa sababu gani, liambatane na hati zako, na ile sehemu ya kodi usiyoipinga uwe umeilipa. Kamishna naye ana siku 60 za kuamua. Usiporidhika na uamuzi wake, una siku 30 za kupeleka notisi ya rufaa katika Baraza la Rufaa za Kodi, kisha siku 14 za kuwasilisha hoja zako za rufaa, maelezo ya ukweli wa mambo na nakala ya uamuzi unaoupinga. Kutoka Baraza kwenda Mahakama Kuu, siku 30 nyingine.

Linganisha hapa na wenzetu wa Tanzania: huko, ili pingamizi lipokelewe, mtu hutakiwa kwanza kulipa ile kodi asiyoipinga au theluthi ya kodi yote iliyokadiriwa, kiasi kilicho kikubwa zaidi. Kwetu Kenya mlango wa pingamizi ni mpana kidogo kwa upande wa pesa. Kwa upande wa siku haukuongezwa hata inchi moja.

Na siku hizo zinaanza kuhesabiwa lini? Hapa ndipo wengi huanguka. Barua ya KRA siku hizi haiji na tarishi. Inatumwa kwenye barua pepe iliyoandikishwa kwenye akaunti yako ya iTax. Sasa jiulize, hiyo barua pepe ni ya nani? Nimeona akina mama wa sokoni ambao PIN zao zilifunguliwa na kijana wa saiba miaka kumi iliyopita, na barua pepe iliyowekwa ni ya kijana huyo, ambaye siku hizi yuko Doha. KRA ikituma makadirio, yeye ndiye anayejulishwa. Ukienda kulalamika kwamba hukuona, utaambiwa kwamba kuweka anwani sahihi ni jukumu lako. Hoja ya kutoona barua pepe ni dhaifu kuliko watu wanavyofikiri. Nenda leo ukabadilishe.

Ukinyamaza, makadirio yanakuwa deni. Deni likishakuwa deni, KRA inaweza kuiandikia benki yako iitoe pesa moja kwa moja, na watu wengi hujua kwamba wana kesi siku hiyo kadi inapokataa. Juu yake kuna adhabu ya asilimia 5 ya kuchelewa kulipa na riba ya asilimia 1 kila mwezi.

Ukishachelewa

Kuchelewa si mwisho. Sheria yenyewe inataja sababu za kuongezewa muda: kuwa nje ya Kenya, ugonjwa, au sababu nyingine ya maana. Maneno hayo yamo kwenye sheria ya pingamizi na yamo pia kwenye sheria ya Baraza ya mwaka 2013. Kwa hiyo aliyekuwa Makka kwa hija ana sababu iliyoandikwa na Bunge, na mhuri wa pasipoti yake ni ushahidi. Lakini mhuri huo unafunika siku za safari tu. Kama ulirudi tarehe 5 na ukaomba nyongeza tarehe 28 ya mwezi unaofuata, hizo siku za katikati nazo zinadai maelezo.

Kanuni mahakama zetu zinazoifuata ilipangwa vizuri na Mahakama ya Juu mwaka 2014, katika kesi ambayo haikuhusu kodi hata kidogo. Nicholas Salat alikuwa amewania useneta wa Bomet katika uchaguzi wa 2013, na shauri lake likafika Mahakama ya Juu baada ya muda kupita. Mahakama ilisema kuongezewa muda si haki ya mtu. Ni hisani ya mahakama kwa anayestahili, na anayeomba ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha kwa nini anastahili. Wataangalia sababu ya kuchelewa, kama ombi lenyewe lililetwa bila kuzembea, na kama upande wa pili utaumia. Halafu kuna jambo ambalo wachuuzi wetu hulifanya kila siku na halina dawa: hati iliyowasilishwa nje ya muda bila kibali kwanza ni batili, kama vile haikuwasilishwa. Salat alitangulia kupeleka rufaa ndipo akaomba muda. Ulitakiwa uombe kwanza.

Miaka mitatu baadaye, 2017, katika shauri la Kaunti ya Kisumu, Mahakama hiyo hiyo ikasema kipindi chote cha kuchelewa lazima kitajwe na kielezwe. Kipindi chote, si wiki ya kwanza tu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania inashika mkondo huo huo. Katika shauri la Lyamuya Construction dhidi ya wadhamini wa YWCA, maombi nambari 2 ya mwaka 2010, walitaka mwombaji aeleze siku zote alizochelewa, zisiwe nyingi kupita kiasi, aonyeshe bidii na si uzembe, au aonyeshe sababu nyingine nzito kama uharamu ndani ya uamuzi anaoupinga. Mtu wa Tanga na mtu wa Vanga wanapimwa karibu kwa mizani moja.

Najua utaniambia Katiba yetu, kifungu cha 159, inasema haki itolewe bila kushikilia mno ufundi wa taratibu. Ni kweli imeandikwa. Lakini mwaka 2013, katika kesi ya urais ya Raila Odinga, Mahakama ya Juu ilikataa hati ya kiapo ya ziada iliyoletwa kwa kuchelewa, na ikaeleza kwamba kifungu hicho hakikuja kumwondolea mtu wajibu wa kufuata taratibu. Kama hakikumsaidia Raila mbele ya nchi nzima, usikitegemee peke yake.

Kosa la mhasibu au wakili je? Marehemu Jaji Madan wa Mahakama ya Rufaa alishikilia kwamba mlango wa haki haufungwi kwa sababu mwanasheria amekosea, na mawakili bado wanapenda kumtaja. Majaji wa leo ni wakali zaidi. Wanataka kujua wewe mwenye kesi ulifanya nini: ulimpigia simu mhasibu lini, alikujibu nini, ulifuata au ulikaa? Kama una ujumbe wa simu unaoonyesha ulimfuata mara nne naye akakuhakikishia kwamba ameshapeleka, una jambo la kusimamia. Kusema tu "mhasibu wangu aliniangusha" hakutoshi.

Kwa jinsi ninavyosoma maamuzi hayo, kuchelewa kwa siku chache kwa sababu iliyo na karatasi husamehewa. Kuchelewa kwa miezi bila karatasi hakusamehewi, hata kama kodi yenyewe ni ya kuonea. Kamishna akikataa kukuongezea muda wa pingamizi, uamuzi huo wa kukataa nao unaweza kukatiwa rufaa kwenye Baraza, ndani ya siku zile zile 30. Wengi hawalijui hili, wakikataliwa mara moja hukunja mkeka.

Kwa haki ya Mungu niseme pia kwamba upanga huu una makali pande zote mbili. Mwaka 2021 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu aliamua, katika kesi ya Equity Group Holdings dhidi ya Kamishna, kwamba uamuzi wa Kamishna uliotolewa baada ya siku 60 hauna nguvu, kwa kuwa sheria inasema akipitisha muda huo pingamizi linahesabiwa kuwa limekubaliwa. Kwa hiyo pokea uthibitisho wa siku uliyopeleka pingamizi na uuhifadhi. Siku hiyo inaweza kuwa na thamani kuliko hoja zako zote.

Pesa za nani?

Nilipokuwa Endarasha nilimuuliza dalali mmoja, kijana mchangamfu wa koti zito, swali ambalo KRA ingemuuliza: pesa zinazoingia kwenye simu yako kutoka Mombasa ni zako au za mkulima?

"Sheikh," akanijibu akicheka, "zikiwa kwa simu yangu ni zangu. Jioni zinakuwa za wenyewe."

Ni jibu zuri la sokoni, na mbele ya Baraza lingemmaliza.

Chukua mfano, na nambari hizi ni za kuelezea tu. Mama mmoja wa Kongowea anapokea lori moja kwa wiki, magunia 120 ya kilo 50. Anauza gunia shilingi 3,000, anabaki na shilingi 150 kila gunia na zilizosalia anazituma Endarasha. Kila lori ni shilingi 360,000. Kwa wiki 50 simu yake na benki yake zimepokea shilingi milioni 18, na chake halisi ni shilingi 900,000.

Kama yeye ni wakala, kipato chake ni ile 900,000. Kwa viwango vya kodi ya mtu binafsi vilivyoanza Julai 2023, hata bila kutoa gharama zozote, kodi yake baada ya nafuu ya kila mlipa kodi ni kama shilingi 178,600. Kama yeye ni mnunuzi anayenunua na kuuza kwa jina lake, mauzo yake ni milioni 18, anaingia kwenye kodi ya mauzo ya wafanyabiashara wadogo, ambayo ni asilimia 3 kwa wenye mauzo kati ya milioni 1 na milioni 25. Hiyo ni shilingi 540,000, na hakuna gharama inayotolewa. Na kama hana karatasi ya kuonyesha lolote kati ya hayo mawili, ofisa wa KRA ana taarifa ya benki yenye milioni 18 na fomu ya mapato yenye laki tisa. Akizihesabu milioni zote 18 kuwa kipato ambacho hakina gharama iliyothibitishwa, kodi yake inapita milioni 5.8 kabla ya adhabu na riba. Mama ni yule yule na viazi ni vile vile.

(Viazi vyenyewe, kwa kuwa ni mazao ambayo hayajasindikwa, havina VAT. Wapo wanaoandikiwa VAT juu ya mazao mabichi na wakalipa kwa woga. Angalia hilo kwanza kwenye makadirio yako.)

Watu hukasirika nikiwaambia kwamba mzigo wa kuthibitisha ni wao. Katika kesi ya jinai serikali ndiyo inayothibitisha. Katika kodi ni kinyume chake: sheria ya 2015 na sheria ya Baraza zote zinasema anayepinga makadirio ndiye wa kuonyesha kwamba si sahihi. Ofisa hahitaji kuthibitisha kwamba pesa zilizoingia benki ni zako. Wewe ndiye utakayeonyesha kwamba si zako.

Unaonyeshaje? Jina mnaloitana halitoshi. Mkiitana wabia, mawakala au ndugu, mahakama itatazama mlivyofanya kazi. Bei alipanga nani? Gunia lililooza njiani Mtito Andei hasara ilikuwa ya nani? Mteja wa hoteli akikataa kulipa, nani alibeba deni? Ulipata kiasi kilekile kwa kila gunia bila kujali bei, au faida ilipanda na kushuka pamoja na soko? Anayepanga bei na kubeba hasara ni mwenye mali. Anayelipwa kwa gunia na hasara haimgusi ni wakala. Wanaogawana faida na hasara baada ya kutoa gharama, wakiendesha biashara moja pamoja, hao ndio wabia, na Sheria ya Ubia ya Kenya ya mwaka 2012 haidai kwamba lazima waandikishane ndipo wawe wabia.

Jambo hili lina umri. Mwaka 1860, Bunge la Malodi la Uingereza, katika kesi ya Cox dhidi ya Hickman, liliamua kuhusu kiwanda cha chuma kilichozidiwa na madeni hadi wenye kukidai wakawa wanalipwa kutokana na faida yake. Je, kwa kuwa wanakula faida, wamekuwa wabia na wanaweza kudaiwa madeni ya kiwanda? Malodi walisema hapana. Kupokea sehemu ya faida ni dalili, lakini kinachoangaliwa ni kama biashara iliendeshwa kwa niaba yao. Sheria zetu za ubia zimerithi fikra hiyo.

Na sisi Waislamu wa Pwani hatukuhitaji kungoja Malodi. Mababu zetu wa majahazi walijua tofauti ya mudharaba, mmoja akitoa mtaji na mwenzake jasho, na wakala anayeuza mali ya mtu kwa ujira. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Kinachonishangaza ni kwamba tunaisoma msikitini na kesho yake tunatuma laki tatu na nusu Nyeri kwa kuaminiana tu.

Niongeze onyo kwa anayetaka kujiita mbia kwa sababu tu inampunguzia kodi. Kweli, wabia hutozwa kila mmoja kwa fungu lake la faida. Lakini mbia anabeba pia madeni ya ubia. Mwenzako wa Endarasha akikopa mbolea kwa ajili ya biashara yenu na asilipe, mwenye duka la mbolea ana haki ya kukutafuta wewe Kongowea. Huwezi kuwa mbia mbele ya KRA na mgeni mbele ya mwenye mbolea.

Tatizo gumu zaidi ni hili, na sijaona wanasheria wakilizungumza sana. Ushahidi unaokuokoa wewe uko mikononi mwa mtu anayeogopa kuutoa. Ukisema "mimi ni wakala, mali ni ya fulani wa Endarasha", umemwonyesha KRA mlango wa fulani. Dalali anajua hivyo. Ukimwomba saini baada ya barua kufika, simu yake haitapatikana. Mkulima mwenye robo ekari huenda hana kodi yoyote ya kulipa, kwa kuwa kipato chake hakifiki kiwango, lakini hofu haina hesabu. Nimeona urafiki wa miaka kumi ukivunjika kwa sababu ya karatasi moja iliyoombwa ikiwa imechelewa. Iombe wakati biashara ni tamu, lori halijaondoka: nani mwenye mali, nani anauza, ujira ni kiasi gani kwa gunia, hasara ni ya nani. Ukurasa mmoja wa daftari wenye majina, tarehe na saini unatosha kuanzia. Uweke pamoja na risiti za sesi za kaunti, maana zinaonyesha siku, gari na mzigo, na taarifa za M-Pesa zinazoonyesha pesa zikitoka kwako kwenda juu siku ile ile zilipoingia. Sheria inataka uweke kumbukumbu zako kwa miaka 5.

Barua ya kwanza

Sasa nirudi kwenye siku 30, maana hapa ndipo mambo mawili yanapokutana. Sheria inasema ukifika Baraza, na hata mahakamani, utashikilia sababu zile ulizozitaja kwenye pingamizi lako, isipokuwa upewe ruhusa ya kuongeza nyingine. Na rufaa ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa ni ya hoja za kisheria peke yake. Maana yake, suala la kama ulikuwa wakala au mnunuzi, ambalo ni suala la ukweli wa mambo, linamalizikia kwenye Baraza. Jaji wa Mahakama Kuu hatakaa kuhesabu upya magunia yako.

Mapingamizi mengi ninayoonyeshwa yameandikwa hivi: kodi hii ni kubwa mno, mimi ni mjane, biashara ni mbaya, naomba mnisaidie. Neno wakala halimo. Miezi sita baadaye mtu anapata wakili mzuri, wakili anaona mara moja kwamba huyu alikuwa wakala, na kazi ya kwanza inakuwa kuomba ruhusa ya kusema kile ambacho kingesemwa bure mwanzoni. Kwa hiyo hata kama hati hazijakamilika, peleka pingamizi ndani ya muda, useme waziwazi uhusiano ulikuwa upi, ambatisha ulichonacho, na uandike ni hati gani zinafuata na ziko wapi. Kungoja mpaka dalali apatikane ndiyo sababu kubwa ninayoiona ya watu kuchelewa.

Kuna wanaotaka kuruka yote hayo na kwenda moja kwa moja Mahakama Kuu kulalamika kwamba wameonewa. Krystalline Salt, kampuni ya chumvi inayojulikana vizuri na watu wa Malindi na Magarini, ilijaribu njia hiyo dhidi ya KRA. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliwarudisha: pale sheria ilipoweka ngazi za kupanda, uzipande kwanza, isipokuwa uonyeshe jambo la kipekee kabisa. Kama kampuni yenye mawakili wake imerudishwa, mchuuzi ataharibu tu zile siku 30 akizunguka.

Na yupo anayesema kwanza nimshtaki mwenzangu wa Nyeri, mahakama iamue zile pesa ni za nani, ndipo niijibu KRA. Mpangilio huo ni hatari. Madai ya mkataba yana miaka 6, na kama hayazidi shilingi milioni 1 yanaweza kwenda kwenye Mahakama ya Madai Madogo. Lakini saa ya KRA haisimami ikikungoja. Jibu KRA kwanza. Mahakama ya Kadhi nayo, kwa wale wanaoniuliza, haina mamlaka juu ya ugomvi wa biashara hata kama mkataba wenu ni wa mudharaba. Katiba imeiwekea ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu. Mzee wa mtaa au imamu anaweza kuwapatanisha kwa hiari yenu, na makubaliano hayo mkiyaandika yanaweza kuwa sehemu ya ushahidi wako.

KRA yenyewe inaruhusu usuluhishi nje ya mahakama hata rufaa ikiwa tayari imefunguliwa, na sheria inautolea siku 120. Kwa ugomvi wa aina hii, wa nani alikuwa nani, naona meza hiyo inafaa kuliko Baraza, kwa sababu ofisa anaweza kukaa na daftari lako ukurasa kwa ukurasa. Lakini iombe rufaa yako ikiwa imeshawekwa, isije ikashindikana ukajikuta huna mahali pa kurudi.

Tangu Januari 2024 gharama isiyokuwa na ankara ya eTIMS haikubaliki kirahisi kwenye hesabu za kodi. Sheria iliyopita mwishoni mwa 2024 ikaleta nafuu kwa wanaonunua kwa wakulima wadogo: muuzaji ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 5, mnunuzi ndiye anayetoa ankara kwa niaba yake. Kama wewe ni mnunuzi, tumia njia hiyo kwa kila lori linalotoka Endarasha. Kama wewe ni wakala, usiitoe kwa jina lako, maana utakuwa umejiandikia mwenyewe kwamba ulinunua.

Ada ya kufungua rufaa kwenye Baraza ni shilingi 20,000 na hairudishwi, ushinde ushindwe. Iweke kando mapema, kabla siku 30 hazijaanza kupungua.